Wino mweusi na mhuri wa namba: Funzo la kesi za kiuagugu kwa mkulima

KWA miaka 25, makala moja ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 2000 ilitumika sehemu nyingi duniani kama ushahidi kwamba glaifoseti, kiuagugu kinachotumika kuliko vyote, hakina hatari kwa afya ya binadamu. Mwishoni mwa mwaka 2025, jarida lililoichapisha, Regulatory Toxicology and Pharmacology, liliiondoa rasmi.

Sababu mojawapo kubwa iliyotolewa na jarida hilo ilitokana na nyaraka zilizofichuliwa katika kesi nchini Marekani. Nyaraka hizo zilionyesha kuwa wafanyakazi wa Monsanto, kampuni iliyokuwa ikitengeneza dawa ya Roundup, walishiriki kuandika makala hiyo bila kutajwa kama waandishi wake.

Mkulima wa Mbozi, Kitale au Masaka anaweza kudhani kuwa habari hiyo ni ya mawakili na wasomi wa mbali. Lakini glaifoseti ipo katika maduka ya pembejeo ya Afrika Mashariki, kwa jina la Roundup na kwa majina mengine mengi ya biashara. Wanaolima bila kutifua udongo, na wale wasiomudu vibarua wa kupalilia mara mbili kwa msimu, wanaitegemea.

Mkulima huyo hana maabara. Anaamini kilichoandikwa kwenye lebo ya chupa. Lebo inategemea uamuzi wa mamlaka ya viuatilifu, na mamlaka inategemea tafiti zinazowasilishwa na kampuni. Pingili moja ya mnyororo huo ikifichwa, mtu wa mwisho, ambaye ndiye anayebeba bomba la kunyunyizia mgongoni, hana namna ya kujua.

Kinachostahili kuangaliwa ni jinsi barua pepe za ofisi moja ya kampuni zilivyotoka kwenye kompyuta za wafanyakazi, zikapita mikononi mwa mawakili wa pande mbili, zikafunikwa sehemu kwa wino mweusi, zikapigwa namba kila ukurasa, na hatimaye zikamfikia mhariri wa jarida. Safari hiyo ina taratibu zake, gharama zake na mitego yake. Ina pia mafunzo kwa chama cha msingi cha ushirika na kwa mfanyabiashara mdogo anayeweka saini mikataba.

Namba inayofunga mlango wa kuchomoa

Katika kesi za madai nchini Marekani, kila upande hulazimika kuupatia mwenzake nyaraka zinazohusu shauri kabla ya usikilizwaji kuanza. Tangu Desemba 2006, kanuni za mahakama za shirikisho zinataja wazi kuwa wajibu huo unahusu pia barua pepe na mafaili mengine ya kompyuta. Katika kesi za glaifoseti, kurasa zilizotolewa zilifikia mamilioni.

Kurasa nyingi kiasi hicho haziwezi kusimamiwa bila namba. Utaratibu unaotumika ni wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Edwin Bates wa New York alipata hataza ya mhuri wa namba unaojisogeza wenyewe. Karani anaugonga kwenye ukurasa, unaacha namba, na gurudumu lake linahamia namba inayofuata. Hadi leo mawakili wa Marekani huziita namba hizo kwa jina lake, ingawa kazi hiyo sasa inafanywa na kompyuta.

Namba huwekwa chini ya ukurasa, mara nyingi upande wa kulia, ikitanguliwa na herufi zinazoonyesha waraka umetoka kwa nani. Nyaraka za Monsanto katika kesi hizi zilipewa herufi MONGLY zikifuatiwa na tarakimu nane. Kila ukurasa una namba moja tu, na namba hiyo haitolewi tena kwa ukurasa mwingine.

Mkulima wa korosho au kahawa anaujua mantiki huu kutoka kwenye kitabu cha risiti. Mkaguzi wa COASCO anapofika katika chama cha msingi, haanzi na jumla ya fedha. Anaanza na mfululizo wa namba. Kama risiti namba 456 ipo na 458 ipo, swali la kwanza ni iko wapi 457. Haihitajiki akili nyingi kugundua pengo. Namba yenyewe inasema.

Mhuri wa ukurasa unafanya kazi hiyo hiyo mahakamani. Shahidi akiulizwa kuhusu barua fulani, wakili hasemi "ile barua ya mwezi wa pili". Anataja namba, na jaji, shahidi na wakili wa upande wa pili wanafungua ukurasa ule ule. Miaka 8 baadaye mhariri wa jarida naye anaweza kufungua ukurasa huo na kujua kuwa ndio uliosomwa mahakamani.

Kwa nini maneno yafunikwe

Si kila kitu kilichomo kwenye mafaili ya kampuni kinastahili kusomwa na kila mtu. Mazungumzo kati ya mteja na wakili wake yanalindwa na sheria. Mchanganyiko wa viambato vya bidhaa ni siri ya biashara. Taarifa za watu binafsi, kama namba za akaunti za benki na habari za matibabu, hazina sababu ya kuanikwa.

Tangu Desemba 2007, kanuni za madai za mahakama za shirikisho za Marekani zinataka nyaraka zinazowasilishwa mahakamani zionyeshe tarakimu nne tu za mwisho za namba ya akaunti na ya hifadhi ya jamii, mwaka tu wa kuzaliwa, na herufi za mwanzo tu za jina la mtoto. Mengine yanafunikwa.

Kwa hiyo waraka mmoja huzaa matoleo kadhaa. Lipo la asili lisiloguswa. Lipo linalopewa mawakili wa upande wa pili, lililofunikwa mazungumzo na wakili, huku kila ukurasa ukiwa na maneno "SIRI" kwa mujibu wa amri ya mahakama. Lipo la jaji peke yake, ambalo halijafunikwa kitu, ili aweze kuamua kama kufunika kulikuwa halali. Na lipo la umma, ambalo ndilo jeusi kuliko yote.

Kanuni ya msingi ni kuwa matoleo yote hayo yabebe namba ile ile ya ukurasa. Ukurasa uliofunikwa nusu na ukurasa ulio wazi ni ukurasa mmoja katika hesabu. Hata ukurasa uliofunikwa wote, au waraka uliozuiwa mzima, huachiwa karatasi yenye namba yake na maelezo kuwa umezuiwa. Sambamba na hilo, upande unaozuia hutakiwa kutoa orodha inayotaja waraka uliandikwa lini, na nani, kwenda kwa nani, na umezuiwa kwa sababu gani.

Hapo ndipo tofauti ya kufunika na kuficha ilipo. Anayefunika anaacha alama kuwa kuna kitu hapa, na anataja sababu inayoweza kupingwa mbele ya jaji. Anayeficha haachi alama yoyote.

Kompyuta inasaidia, na inasaliti

Kazi hii sasa hufanywa kwa programu maalumu za kupitia nyaraka. Mafaili hupakiwa, wakili anafungua moja moja, anaweka alama kama linahusu kesi au halihusu, na anachora kisanduku cheusi juu ya maneno yanayopaswa kufunikwa. Programu hutunza faili la asili pembeni, na kisanduku kinabaki kama karatasi ya nailoni iliyowekwa juu yake. Wakati wa kuukabidhi waraka, programu hutengeneza picha mpya ambayo weusi na namba vimechapwa pamoja na kuwa kitu kimoja.

Mtego wa kwanza uko kwenye maandishi. Picha ya ukurasa huenda ikawa nyeusi, lakini nyuma yake kuna maandishi ambayo kompyuta inayatumia kutafutia maneno. Kama hayakutolewa upya kutoka kwenye picha iliyofunikwa, mtu atanakili na kubandika mahali pengine, na siri yote itasomeka.

Mfano maarufu ni wa Januari 2019. Mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya urais ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani waraka wenye mistari myeusi. Waandishi wa habari walinakili sehemu zile nyeusi, wakazibandika kwenye ukurasa mwingine, na maneno yakatokea. Wino ulikuwa pambo tu.

Miaka miwili baadaye, Januari 2021, Kamisheni ya Ulaya ilichapisha mkataba wake wa chanjo na kampuni ya AstraZeneca, ukiwa umefunikwa sehemu nyingi. Wasomaji waligundua kuwa orodha ya vichwa vya habari iliyojitengeneza yenyewe pembeni mwa faili ilikuwa bado inaonyesha baadhi ya maneno yaliyofunikwa ndani.

Mtego wa pili ni nakala. Barua pepe moja iliyotumwa kwa watu 10 inakuwa katika masanduku 10 ya barua, na wale waliojibu wameibeba tena ndani ya majibu yao. Wakili mmoja akifunika aya ya tatu, na mwenzake wa chumba cha pili akapitia nakala nyingine bila kuifunika, kinachokabidhiwa ni siri iliyofungwa mlango wa mbele na kuachwa wazi mlango wa nyuma. Programu hupunguza hatari hiyo kwa kukokotoa alama ya kila faili, mfano wa alama za vidole, na kutambua mafaili yanayofanana kabisa. Lakini nakala iliyoongezwa hata neno moja ina alama tofauti, na hapo jicho la binadamu linahitajika.

Mtego wa tatu ni majedwali ya hesabu. Faili la jedwali halina kurasa. Likichapwa linaweza kutoa karatasi 500 zisizoeleweka. Kwa kawaida hupewa namba moja kwa faili zima na kukabidhiwa kama lilivyo. Kulifunika ni kazi ngumu, kwa sababu nambari iliyofutwa kwenye kisanduku kimoja inaweza kukokotolewa upya kutokana na jumla iliyoachwa chini.

Mtego wa nne unakuja baadaye, jaji anapoamuru maneno fulani yafunuliwe. Ukurasa mpya unatolewa kwa namba ile ile ya zamani, na unapaswa kuandikwa wazi kuwa unachukua nafasi ya uliotangulia. Ofisi isiyo na utaratibu inajikuta na kurasa mbili zenye namba moja na maneno tofauti, bila kujua ipi ni ya mwisho. Wakili akimsomea shahidi ile ya zamani, anaonekana mbabaishaji mbele ya baraza la wazee wa mahakama.

Gharama iko kwenye macho

Kwa jicho la kiuchumi, kinachomaliza fedha katika kazi hii ni usomaji. Utafiti wa taasisi ya RAND uliotolewa mwaka 2012, ulioangalia kesi za makampuni makubwa ya Marekani, ulikuta kuwa takriban asilimia 73 ya gharama za kutoa nyaraka za kielektroniki zilitumika katika kuzipitia. Kuzikusanya kulichukua asilimia 8 tu, na kuzichakata asilimia 19.

Takwimu hizo zinaeleza tabia mbili. Ya kwanza, kampuni yenye haraka hupenda kugonga neno "SIRI" kwenye karibu kila kitu, kwa sababu kuchambua kipi ni siri na kipi si siri kunahitaji mtu wa kusoma, na mtu huyo analipwa kwa saa. Ya pili, upande wenye fedha kidogo unaweza kuzamishwa kwa karatasi. Ukiomba gunia moja la nyaraka ukaletewa lori zima, umepewa ulichoomba na umenyimwa kwa wakati mmoja.

Ndiyo sababu mashauri ya watu wengi dhidi ya mtengenezaji mmoja huunganishwa. Oktoba 2016, kesi za shirikisho kuhusu Roundup zilikusanywa mbele ya Jaji Vince Chhabria wa San Francisco. Nyaraka zilizopitiwa mara moja zikawahudumia wadai wote, na gharama ya kila mmoja ikashuka. Mwanaushirika anaielewa hesabu hiyo: gari moja kwa magunia ya wanachama wote ni nafuu kuliko kila mtu kukodi lake.

Vita ya muhuri wa siri

Katika mashauri hayo, amri ya mahakama iliruhusu kampuni kuziwekea nyaraka zake alama ya siri, na wadai kupinga alama hizo. Machi 2017, jaji aliruhusu baadhi ya nyaraka ziwekwe wazi. Agosti 1 mwaka huo, mawakili wa upande wa wadai walichapisha nyaraka nyingine zaidi ya 75. Walidai kuwa walizipinga alama za siri na kwamba kampuni haikwenda mahakamani kuzitetea ndani ya muda uliowekwa. Kampuni ilijibu kuwa utaratibu wa kupinga haukufuatwa na ikataka nyaraka zirudishwe.

Mabishano hayo hayakuhusu magugu wala saratani. Yalihusu nani aliandika nini, tarehe gani, na siku ngapi zilipita. Lakini matokeo yake ndiyo yaliyoamua kama umma ungesoma barua pepe ya mwaka 2015 ambamo mwanasayansi wa kampuni alizungumzia uwezekano wa wafanyakazi kuandika na wataalamu wa nje kuhariri na kuweka majina yao, akikumbusha kuwa makala ya mwaka 2000 ilifanywa hivyo.

Kampuni imekuwa ikikanusha kuwa ilifanya udanganyifu, na inasema mchango wake katika makala hiyo ulitajwa kwenye shukrani. Jarida liliona vingine.

Ni vyema kutochanganya mambo mawili hapa. Kuondolewa kwa makala ni ushahidi kuhusu jinsi makala ilivyoandikwa. Hakuthibitishi kwa peke yake kuwa glaifoseti inasababisha saratani. Machi 2015, IARC, ambayo ni taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ilifikia hitimisho la kinyume na kulirudia mwaka 2020, lakini Juni 2022 mahakama ya rufaa ya San Francisco ilitengua sehemu ya uamuzi huo inayohusu afya ya binadamu. Wataalamu hawajamaliza mjadala.

Waliolazimika kuamua bila kusubiri wataalamu wamalize ni wananchi wa kawaida waliokaa kwenye mabaraza ya mahakama. Agosti 2018 huko San Francisco, baraza moja lilimpa mtunza viwanja vya shule aliyeugua saratani ya limfu dola za Marekani milioni 289. Jaji alizipunguza hadi milioni 78.5, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikazishusha hadi milioni 20.5. Nyaraka za ndani za kampuni zilikuwa sehemu ya ushahidi waliousikia.

Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliyoinunua Monsanto Juni 2018 kwa takriban dola bilioni 63, ilitangaza Juni 2020 mpango wa kulipa hadi dola bilioni 10.9 kumaliza sehemu kubwa ya madai takriban 125,000, bila kukiri kosa. Kesi nyingine ziliendelea baada ya hapo. Ni nadra kuona karatasi zikiwa na bei kubwa hivyo.

Ulaya yabadili utaratibu

Upande wa Ulaya, vita ilikuwa juu ya tafiti zenyewe. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imekataa kutoa sehemu za tafiti za glaifoseti ikisema kufanya hivyo kungeumiza maslahi ya kibiashara ya kampuni. Machi 7, 2019, Mahakama Kuu ya Umoja huo iliamua kuwa tafiti hizo zinahusu kinachomwagwa kwenye mazingira, na kwamba maslahi ya umma ya kujua yanatangulia.

Sheria mpya ya uwazi ilianza kutumika Machi 27, 2021. Sasa mwombaji anayetaka sehemu ya taarifa zake ibaki siri anawasilisha matoleo mawili: moja kamili lenye alama kwenye sehemu anazotaka zilindwe, na jingine lililofunikwa kwa ajili ya umma. Lazima aeleze sababu ya kila sehemu, na mamlaka inaweza kumkatalia. Kwa maneno mengine, utaratibu wa mahakamani wa kufunika kwa sababu umehamia kwenye meza ya usajili wa viuatilifu.

Hilo linamgusa mkulima wa maharage machanga, parachichi au maua anayeuza Ulaya. Uamuzi unaofanywa huko juu ya kiwango cha mabaki ya dawa kinachoruhusiwa ndio unaoamua kama shehena yake inapokelewa au inarudishwa. Kwa kuwa tafiti sasa zinawekwa wazi, wataalamu wa mamlaka za viuatilifu za Afrika Mashariki wanaweza kuzisoma wenyewe bila kutegemea muhtasari wa kampuni. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kuna watu wa kuzisoma.

Chama cha msingi na mfanyabiashara wafanye nini

Wakulima wa kawaida hawatanunua programu za mawakili, na hawazihitaji. Lakini kanuni zilizo ndani yake zinaweza kutekelezwa kwa kalamu, mhuri wa bei nafuu na mashine ya fotokopi.

Kanuni ya kwanza ni namba kwenye kila ukurasa. Mkataba wa kilimo unaoletwa na mnunuzi uandikwe "ukurasa wa 3 kati ya 12", na pande zote ziweke saini fupi kwenye kila ukurasa, siyo wa mwisho tu. Mkataba uliosainiwa ukurasa wa mwisho peke yake unaweza kubadilishwa ukurasa wa bei katikati, na mkulima akabaki kubishana kwa mdomo. Viambatanisho, kama orodha ya pembejeo za mkopo, viingie kwenye mfululizo huo huo wa namba.

Kanuni ya pili ni kutogusa waraka wa asili. Hakuna kukwangua, kufuta kwa wino mweupe wala kuandika juu yake. Kazi yote ya kufunika ifanyike kwenye nakala. Mahakamani waraka wenye mikwaruzo huzua maswali hata kama aliyekwaruza hakuwa na nia mbaya.

Kanuni ya tatu inahusu kufunika vizuri. Viongozi wa AMCOS hulazimika mara kwa mara kutoa orodha za wanachama kwa benki, wanunuzi na wafadhili. Orodha hizo zina namba za simu, za vitambulisho na za akaunti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya na Uganda zina sheria za aina hiyo za mwaka 2019. Anayetoa taarifa zisizohitajika anajiweka hatarini na anawaweka wanachama wake hatarini.

Kupaka kalamu nzito juu ya namba hakutoshi, kwani karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga husomeka. Fotokopi ifunikwe, kisha itolewe fotokopi nyingine kutoka kwenye hiyo iliyofunikwa, na itolewe hiyo ya pili. Kwenye kompyuta, kuchora kisanduku cheusi juu ya maneno hakufuti kitu. Njia salama kwa ofisi ndogo ni kuchapa kwenye karatasi, kufunika, na kuipiga skana upya. Kwa jedwali la hesabu, safu isiyohitajika ifutwe kabisa kwenye nakala, siyo kufichwa tu.

Kanuni ya nne ni daftari la matoleo. Kurasa mbili za daftari la kawaida zinatosha kuandika: waraka namba fulani, umetolewa nakala kwa nani, tarehe gani, sehemu gani imefunikwa na kwa nini. Siku mnunuzi akidai kuwa alipewa bei nyingine, katibu hatahangaika kukumbuka. Hali kadhalika, picha za mikataba zinazozunguka kwenye WhatsApp zipewe jina lenye tarehe, kwa sababu rasimu ya Juni na mkataba wa Julai zinafanana sana kwenye kioo cha simu.

Utunzaji huo una uzito kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama uhalisi wake ulilindwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ushahidi inataka hati ya kuthibitisha ushahidi uliotolewa kwenye kompyuta. Mwenye daftari anajibu maswali hayo kwa dakika chache. Asiye nalo anategemea huruma.

Kanuni ya tano ni ya anayepokea. Mwanachama akipewa taarifa ya hesabu au mkataba wenye sehemu zilizofunikwa, asikasirike na asinyamaze. Aulize mambo matatu: kurasa zote zipo kwa mfululizo wa namba, nani alifunika, na kwa sababu gani. Sababu halali hutajika kwa sentensi moja. Kiongozi anayeshindwa kuitaja, au anayetoa mkataba wa kurasa 12 ukiwa na kurasa 10, amekwisha kujibu.

Hatua inayofuata

Mamlaka za Tanzania na Kenya zinazosajili viuatilifu zina nafasi ya kuchukua lililo jema kutoka katika kesi hizi bila kupitia gharama yake. Zinaweza kumtaka kila mwombaji alete tafiti zake zikiwa na namba kwenye kila ukurasa, kwa matoleo mawili, na orodha ya kila kilichofunikwa pamoja na sababu. Zinaweza pia kumtaka ataje kila aliyelipwa na aliyeshiriki kuandika utafiti anaoutegemea.

Gharama ya utaratibu huo kwa kampuni ni ndogo, kwani tayari inaufanya Ulaya. Faida yake kwa mkulima ni kubwa. Anaponunua chupa msimu huu, na kuvaa glovu, buti na barakoa kama lebo inavyoagiza, awe na uhakika kuwa aliyeandika lebo hiyo alisoma kurasa zote, na kwamba zile zilizozibwa zinajulikana ni zipi, ngapi, na zimezibwa na nani.